Siku ya Baharini Mkiwa Wawili: Namna ya Kupumzika Kweli Melini

Meli ya kitalii imejengwa ili iijaze siku ya abiria, si ili impumzishe. Tangu asubuhi kuna mazoezi ya viungo, darasa la dansi, mashindano ya bwawani, muziki, maduka na kamari. Siku ambayo meli haitii nanga popote ndiyo siku ambayo vyote hivyo hufunguliwa kwa pamoja, kwa kuwa maduka yasiyotoza ushuru na kumbi za kamari kwa kawaida hufungwa meli ikiwa bandarini. Kwa hiyo mume na mke wanaotaka kupumzika, kazi yao kubwa ni kupunguza. Chagueni mambo mawili tu yenye saa maalumu, moja kabla ya chakula cha mchana na jingine jioni. Mkiongeza la tatu, mtashinda mkitazama saa.

Siku yenyewe nayo ichaguliwe. Siku ya kwanza baada ya kung'oa nanga haifai: mwili haujazoea mwendo, na abiria wote wanazunguka sitaha hadi sitaha wakitafuta njia. Siku ya mwisho haifai pia, kwa sababu ya mizigo. Za katikati ndizo nzuri. Lakini iko siku tulivu kuliko hizo zote ambayo wengi hawaifikirii, nayo ni siku ya bandari ninyi mkabaki melini. Abiria wakishashuka, bwawa hubaki na watu wachache, viti vya kivulini hupatikana, na huduma ya kukandwa mara nyingi hupunguzwa bei kwa kuwa wakandaji hawana wateja. Kasoro yake ni joto. Meli iliyofungwa gatini haina upepo wa mwendo wake, na sitaha ya juu adhuhuri huwa kikaango. Siku kama hiyo shukeni kwenye sitaha ya chini inayozunguka meli, ile yenye paa, wala msing'ang'anie bwawani.

Maandalizi ni ya usiku wa kuamkia. Ratiba ya siku huletwa kabini au huwekwa kwenye programu ya simu. Wekeni alama kwenye yale mambo mawili, kisha ratiba iende kwenye mtoto wa meza. Halafu shughulikieni saa. Meli ina saa yake, na si lazima ilingane na ya kisiwa mnachopita. Simu ikinasa mnara wa nchi kavu hubadilika yenyewe, na mtaamka mmoja akisoma saa 2 na mwenzake saa 3. Simu zote mbili ziwekwe kwenye hali ya ndege, saa ipangwe kwa mkono. Faida ya pili ni kwamba simu haitajiunga na mtandao wa setilaiti wa meli, ambao hutozwa kama matumizi ya nje ya nchi na haumo katika vifurushi vingi vya kawaida.

Bila simu, mtapatana vipi? Kuta za kabini nyingi ni za chuma. Sumaku mbili ndogo na karatasi zinatosha: "Niko tezi (nyuma ya meli), sitaha ya 8, hadi saa 6." Wekeni pia sehemu moja ya kudumu ya kukutania, na iwe ile ambayo haiwezi kuchanganywa na nyingine. Meli kubwa ina ngazi za omo, yaani mbele, za katikati na za tezi zinazofanana kabisa. Kusema "karibu na lifti" si maelekezo.

Kama mmoja wenu ni wa alfajiri na mwingine ni wa kulala, huyo wa alfajiri aweke nguo, viatu na kadi ya mlango bafuni kabla ya kulala. Akumbuke kwamba mlango wa bafu una kizingiti kilichoinuka, na vidole vingi vya miguu vimeumia hapo gizani. Choo cha meli hunyonya kwa ombwe na hunguruma. Ukishusha kifuniko kabla ya kubonyeza, sauti hupungua sana. Kitanda cha watu wawili kwa kawaida ni vitanda viwili vilivyosogezwa pamoja, na ufa wa katikati huwatesa wanaolala wamekaribiana. Mwombeni mhudumu wa kabini atandike godoro jembamba juu ya yote mawili. Mara nyingi lipo stoo, ila hatalileta bila kuombwa. Kama safari bado haijalipiwa, kabini iliyo na kabini nyingine juu na chini yake ndiyo ya kuchukua. Iliyo chini ya sitaha ya bwawa husikia viti vikiburutwa kabla ya jua kuchomoza, na ya omoni husikia mnyororo wa nanga.

Kulevywa na bahari ndiko kunakoharibu siku nyingi zaidi, na kwa wanandoa huharibu mara mbili, kwa sababu mzima hubaki kabini akiona aibu kumwacha mgonjwa. Chanzo chake ni ugomvi wa hisia: sikio la ndani linasema mwili unasogea, macho yanayotazama kuta za kabini yanasema umetulia. Ndiyo maana kusoma au kutazama simu huzidisha, na kutazama upeo wa bahari hutuliza. Meli hupanda na kushuka zaidi kwenye ncha zake, na huyumba zaidi juu kuliko chini, hivyo mahali patulivu ni katikati, sitaha za chini. Meli za kisasa zina mapezi yanayochomoza ubavuni chini ya maji kupunguza kuyumba kwa upande. Mapezi hayo hayazuii kupanda na kushuka kwa omo na tezi, na hiyo ndiyo sababu meli inayokabili mawimbi ya mbele huwasumbua watu hata ikiwa kubwa namna gani.

Dawa humezwa kabla, si baada ya tumbo kuanza kugeuka. Vidonge vya dimenhidrinati au meklizini vinywewe walau nusu saa hadi saa 1 mapema. Vyote huleta usingizi, dimenhidrinati zaidi, na visichanganywe na pombe. Kibandiko cha skopolamini hubandikwa nyuma ya sikio saa 4 au zaidi kabla ya kuhitajika, na hufanya kazi hadi siku 3. Hukausha kinywa, na hakifai kwa mwenye baadhi ya aina za glakoma (presha ya macho), kwa hiyo kianzie kwa daktari. Kosa la kawaida ni kukigusa kisha kujisugua jicho: mboni hupanuka na kuona hufifia kwa muda mrefu, na mwenzako atadhani umepatwa na kiharusi. Nawa mikono kwa sabuni ukishakibandika. Mgonjwa asibaki na tumbo tupu; mkate mkavu, tofaa, na tangawizi kidogo hukaa tumboni vizuri kuliko njaa. Na huyo mzima asisimame mlangoni akiuliza kila dakika kumi. Akimpeleka mwenzake nje, katikati ya meli, wakatazama mbele kwa nusu saa, atakuwa amemsaidia zaidi.

Sasa upepo na kivuli. Hapa ndipo wageni wa meli wanapopotea, na hapa ndipo penye siri ya kiti kizuri. Meli hutembea kiasi cha maili 20 za baharini kwa saa, yaani kilomita 37. Ikikabili upepo wa maili 15, sitahani mtapigwa na upepo wa maili 35, karibu kilomita 65 kwa saa: kofia zinaruka, kitabu hakisomeki, na jua linaunguza bila kuhisiwa. Ikigeuka na kwenda na upepo huohuo, kinachobaki ni maili 5 tu. Hapo hewa husimama, jasho halikauki, na moshi wa dohani hukaa juu ya meli ukidondosha vumbi jeusi kwenye viti. Kwa hiyo kiti kilichokuwa kizuri jana leo kinaweza kuwa kibaya, ilhali bahari ni ileile.

Namna ya kujua ni rahisi. Televisheni ya kabini huwa na chaneli ya ramani inayoonyesha mwelekeo wa meli na upepo. Tazameni hiyo kabla ya kwenda kutafuta mahali. Upepo ukiwa mkali, kaeni upande wa demani, ule uliokingwa na mwili wa meli. Ukiwa haba, nendeni joshini, upande unaopigwa na upepo, au kwenye sitaha ndogo za omoni ambazo abiria wengi hawazijui. Katika Karibi pepo za kudumu hutoka mashariki na kaskazini mashariki karibu mwaka mzima. Meli inayokwenda mashariki huwa na upepo mkali mbele, na inayorudi magharibi huwa shwari na yenye joto.

Kivuli nacho kina hesabu yake. Meli ikielekea kusini, ubavu wa kushoto una jua la asubuhi na wa kulia una jua la jioni. Ikielekea kaskazini, kinyume. Ikienda magharibi mwezi wa Desemba au Januari katika Karibi, jua hupita kusini, basi upande wa kushoto huchomwa mchana kutwa na wa kulia hupata kivuli. Mwezi wa Juni mambo hubadilika: jua la adhuhuri hupita karibu utosini, hata kidogo upande wa kaskazini, na roshani ya juu yenu huwakinga nyote bila kujali ubavu. Anayechagua kabini yenye roshani bila kuuliza njia ya meli anabahatisha tu.

Viti vya bwawani vina sheria yake. Meli nyingi huondoa taulo na vitu vilivyoachwa bila mtu kwa dakika 30 au 40, ingawa si wote wanaoisimamia. Binafsi naona vita vya viti havistahili siku ya mapumziko. Sitaha inayozunguka meli, ile ya matembezi, huwa na viti vya kivulini vinavyotazama maji, na kwa kuwa haina muziki wala baa, watu huipita tu. Kutoka hapo mtaona pia mambo yasiyoonekana kutoka ghorofa ya 14: panzi wa baharini, wale samaki warukao, wakiruka mbele ya wimbi la meli, na ndege wanaowavizia wakielea usawa wa macho yenu.

Jua la tropiki ni kali kwa kipimo, si kwa hisia. Kipimo cha kimataifa cha mionzi yake (UV) hufika 11 na zaidi, ambacho Shirika la Afya Duniani hukiita cha kupita kiasi, hata mawingu membamba yakiwepo. Kipimo cha haraka ni kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni la kukimbiwa. Hilo kwa kawaida ni kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni. Losheni yenye SPF 30 (kipimo cha kinga ya jua) huzuia takriban asilimia 97 ya mionzi ya UVB, ile inayounguza ngozi, na ya SPF 50 asilimia 98. Tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kinachoangusha wengi ni uchache. Mwili mzima wa mtu mzima unahitaji kama mililita 30 kwa mpako mmoja. Wawili wakipaka kila saa 2 kwa saa 6, hutumia mililita 180, yaani karibu chupa nzima ya mililita 200, siku hiyohiyo. Chupa iliyorudi nyumbani ikiwa nusu inaeleza kwa nini mabega yalibabuka.

Pakeni dakika 15 kabla ya kutoka, kabini, bila nguo, si mkiwa mmeshakaa mnapigwa na upepo. Hapa wawili wana faida: kila mmoja ampake mwenzake mgongo, nyuma ya masikio, na nyuma ya magoti. Sehemu zinazosahaulika zaidi ni juu ya nyayo, midomo, na mstari wa nywele. Ngozi nyeusi huchelewa kuungua, lakini huungua. Asiyezoea kupaka ndiye hushangaa usiku. Mwenye kutumia doksisiklini, dawa ambayo wasafiri wengi hupewa kujikinga na malaria, aongeze uangalifu, kwa kuwa huifanya ngozi iungue upesi. Na kama safari inagusa Hawaii au Palau, someni maandishi ya chupa: tangu Januari 2021 Hawaii imekataza uuzaji wa losheni zenye oksibenzoni na oktinoksati bila agizo la daktari kwa ajili ya matumbawe, na Palau ilitangulia mwaka 2020 kuzizuia hizo na kemikali nyingine kadhaa. Fulana ya mikono mirefu ya kuogelea humaliza mjadala wote.

Chakula hakihitaji maneno mengi. Foleni hunona kati ya saa 3 na 4 asubuhi na baada ya saa 6 mchana. Tangulieni au cheleweni. Ukumbi wa meza zenye wahudumu mara nyingi hufunguliwa asubuhi pia, na huwa mtulivu kuliko ule wa kujipakulia. Kuhusu mikono, dawa ya kupuliza iliyo mlangoni haiwezi sana virusi vya noro, ambavyo ndivyo vinavyoleta kuhara na kutapika melini. Sabuni na maji kwa sekunde 20 ndiyo kinga. Dalili huanza saa 12 hadi 48 baada ya kuambukizwa, hivyo lawama haziendi lazima kwa mlo wa mwisho. Maji ya bomba ya meli hutengenezwa kwa kuchuja au kuvukiza maji ya bahari, au hupakiwa bandarini, na hunyweka; jazeni chupa zenu na mnywe kabla ya kiu, hasa kama mnakunywa pombe.

Tengeni muda wa kuachana. Ushauri huu huwakwaza wanaosafiri kwa fungate, lakini kabini ya kawaida ina ukubwa wa mita za mraba 15 hadi 18, na wawili wakishinda bega kwa bega siku nzima, kufikia alasiri huwa wanagombana juu ya kiyoyozi. Saa moja na nusu baada ya chakula cha mchana inatosha. Mmoja alale, mwingine aende maktaba au atembee. Semeni mapema kwamba hakuna anayekimbiwa. Kadi za mlango ziwe mbili, na kila mmoja awe na yake. Kuna wanandoa wanaoiacha moja kwenye kitundu cha ukutani ili taa za kabini ziwake, kisha mmoja anagonga mlango akimwamsha mwenzake. Kadi yoyote ya ukubwa huo, hata ya zamani, mara nyingi huwasha taa.

Mkipanga kukandwa pamoja, iwe kabla ya kuota jua. Ngozi iliyoungua haikandiki. Iwe pia saa 2 baada ya kula. Mjamzito aulize kwanza, na asiingie kwenye bwawa la maji moto. Meli nyingi hata hazimpandishi mwenye mimba itakayofika wiki ya 24 kabla safari haijaisha. Mwisho wa kukandwa mtaletewa orodha ya mafuta na vidonge vya kununua. Kataeni kwa heshima mkiwa bado mmelala. Mkishaketi, mazungumzo hurefuka.

Roshani ni nzuri, ila ina ukorofi wake. Msifungue mlango wake na mlango wa kuingilia kabini kwa wakati mmoja: upepo hupita kwa nguvu, mlango hujifunga kwa kishindo, na vidole hukatika. Mkiuacha wazi, kiyoyozi hujizima katika meli nyingi, na hewa ya unyevu huacha matone ukutani na kuziloanisha shuka. Kamera iliyotoka kwenye ubaridi wa kabini hufunikwa na ukungu ikifika nje; itoeni ikiwa ndani ya mfuko wake nusu saa mapema. Na sigara isirushwe baharini kamwe, kwa kuwa upepo huirudisha kwenye roshani nyingine. Moto wa meli ya Star Princess, Machi 2006 karibu na Jamaika, uliosababisha kifo cha abiria mmoja, uliaminika kuanzia kwenye roshani, huenda kwa kichungi cha sigara. Baada yake, kanuni za kimataifa za vifaa vya roshani zilikazwa.

Jioni hukuta wengi wamechelewa. Katika tropiki jua huzama wima, na duara lake lote hutoweka kwa dakika 2 na ushee. Nuru ya kutosha kusomea hubaki dakika 20 na kitu, basi giza. Anayesubiri wekundu ndipo atoke hukuta pamekwisha. Jueni saa ya machweo kutoka kwenye ratiba, na mfike dakika 20 kabla, upande wa magharibi. Upeo ukiwa safi bila wingu, kuna uwezekano wa kuona mmweko wa kijani kwenye kipande cha mwisho cha jua. Msikodoe macho mapema, subirini kibaki kipande kama ukucha. Chakula cha jioni kipangwe baada ya hapo, na hilo liwe jambo lenu la pili la siku.

Kwa nyota, tafuteni sitaha ya wazi iliyo mbele, karibu na daraja la nahodha (chumba cha kuongozea meli), ambako taa hupunguzwa ili wanaoongoza waone. Macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mwanga mmoja wa simu hurudisha hesabu mwanzo. Mwezi wa Aprili na Mei, Msalaba wa Kusini huonekana jioni hata kutoka Karibi, chini upande wa kusini.

Sababu ya kuikwepa siku ya mwisho ni hii. Usiku wake mizigo mikubwa huwekwa nje ya mlango, kwa kawaida kabla ya saa 4 au 5 usiku, ikiwa na vitambulisho vya rangi. Tangu alasiri mnakunja nguo, mnatafuta pasipoti, mnapanga foleni ya kurekebisha bili. Kama hamna siku nyingine ya baharini ila hiyo, fungasheni asubuhi na mapema kabla ya chai, kwa saa moja, mkiacha nje nguo za jioni, za kesho, viatu, dawa na nyaraka. Viatu ndivyo husahaulika, na kila safari kuna mtu anayeshuka na ndala za bafuni.